Kabla ya kumvalisha miwani: uhalisia pepe na stadi za kijamii kwa watu wenye usonji

Kila inapokaribia tarehe 2 Aprili, Siku ya Uelewa wa Usonji Duniani, simu za wazazi hupokea video fupi za mtoto aliyevaa miwani kubwa nyeusi iliyoziba nusu ya uso, akinyoosha mkono kugusa kitu ambacho hakipo. Maelezo yanayoambatana nazo hayafanani. Mmoja anaandika kwamba usonji sasa unatibika kwa kompyuta. Mwingine anasema ni gemu tu za kuwaharibu watoto macho. Wa tatu anauliza miwani hiyo ni shilingi ngapi, na kama Dodoma inapatikana. Swali la bei ni la haki, lakini likitangulia mengine mzazi anaweza kutumia fedha nyingi kwa kitu ambacho mtoto wake hakihitaji, au akaacha kitu cha bei ndogo ambacho kingemfaa.

Usonji hauambukizwi, na si maradhi ya kupona kwa dawa. Ni namna tofauti ya ubongo kukua, inayoanza mapema kabisa maishani na kuendelea hadi uzeeni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa nao. Tofauti hiyo hujitokeza katika mawasiliano na kushirikiana na wengine, na pia katika kushikilia mpangilio, kuzama katika mambo machache anayoyapenda mtu, na kupokea sauti, mwanga, harufu na mguso. Kijana mmoja anaweza kukueleza vituo vyote vya treni ya SGR kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma bila kukosea, asitambue kwamba umeshachoka kusikiliza. Mwingine haongei hata neno moja, lakini anaelewa kila kinachosemwa juu yake akiwa amekaa palepale. Muungurumo wa jenereta ya jirani, harufu ya samaki wa Mtera au lebo ya shati shingoni, mambo ambayo wengi hatuyaoni kuwa kitu, yanaweza kumuumiza kabisa.

Mtoto wa namna hiyo akijitupa chini katika Soko la Majengo huku ameziba masikio, wapita njia husema ni utukutu au mama kamdekeza. Wengine wanasema ni laana, na wapo wanaotaja Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili. Wote wamekosea. Usonji si ugonjwa wa akili, na mtoto yule hafanyi jeuri: amezidiwa na kelele na msongamano. Hata chanjo, ambazo wengine huzisingizia kuleta usonji, hazihusiki. Makala ya mwaka 1998 iliyoanzisha uvumi huo ilifutwa na jarida la The Lancet lililoichapisha, mwaka 2010.

Uhalisia pepe nao ni nini? Ni mazingira yaliyotengenezwa kwa kompyuta au kurekodiwa kwa kamera, yanayomzunguka mtu pande zote na kubadilika kadiri anavyogeuza kichwa. Ndani ya miwani kila jicho huonyeshwa picha yake, iliyotofautiana kidogo na ya jicho la pili, na ubongo huziunganisha ukapata hisia ya umbali na kina. Vihisio hupima mwendo wa kichwa, kisha picha huchorwa upya mara 72, 90 au hata 120 kwa sekunde. Picha ikichelewa, au macho yakiona mwendo ambao masikio ya ndani, yanayosimamia mizani ya mwili, hayakuuhisi, mtu hupata kizunguzungu na kichefuchefu kama anayesoma gazeti ndani ya basi.

Zipo aina tatu, na kuzichanganya ndiko kunakovuruga mazungumzo ya bei. Ya kwanza ni miwani inayojitegemea, yenye kompyuta na betri ndani yake. Meta Quest ndiyo inayojulikana zaidi. Ina uzito wa takriban gramu 500, inatambua mtu anapogeuka na anapopiga hatua, na betri yake hudumu saa mbili hivi. Quest 3S ilipotoka mwaka 2024 ilianzia dola 300 za Marekani, kabla ya usafirishaji na kodi. Aina ya pili ni kasha la karatasi ngumu au plastiki lenye lenzi mbili, ambalo unachomeka simu yako ndani yake; Google ilionyesha kasha lake la karatasi mwaka 2014, na tangu hapo yameigwa kila mahali kwa bei ndogo. Aina ya tatu haina miwani kabisa. Ni chumba ambacho picha huangazwa ukutani pande zote, au kioo cha kawaida cha kompyuta kinachoonyesha mtu wa kuzungumza naye. Watafiti wengi huiita hiyo pia uhalisia pepe, kwa hiyo ukisoma kwamba "uhalisia pepe umesaidia", uliza kwanza ni aina ipi.

Kwa wenye simu kuna jambo la kukagua kabla ya kununua kasha. Simu lazima iwe na kihisio cha mzunguko, gairoskopu, na simu nyingi za bei ya chini hazina. Fungua video yoyote ya digrii 360 katika programu ya YouTube, kisha zunguka na simu mkononi bila kugusa kioo. Picha ikifuata mzunguko wako, kihisio kipo. Ikiganda mpaka uivute kwa kidole, simu hiyo haitafaa. Hata ikifaa, simu hutambua kichwa kinavyogeuka tu, haitambui mwili unavyosogea. Mtoto anayetazama video ya soko akiinama kuangalia nyanya kwa karibu, meza nzima inasogea pamoja naye, na tumbo linaanza kuchafuka. Ndiyo maana kwa kasha la simu mtoto hukaa kwenye kiti muda wote.

Faida ya mazoezi haya inafanana na ya mwanafunzi wa udereva anayeanzia kwenye kiwanja kitupu kabla ya kuingia barabara kuu ya Dar es Salaam. Kiwanjani anaweza kuzima gari mara kumi bila mtu kumpigia honi. Katika miwani sauti ya soko inaweza kuanza ikiwa ndogo, muuzaji akawa mmoja, na tukio likasimamishwa katikati au kurudiwa mara nane bila muuzaji kuchoka wala kukasirika. Kwa mtu anayeteswa na mambo ya ghafla, kujua kwamba tukio litakwenda vilevile kama jana ni nafuu kubwa. Anajifunza hatua moja kwanza, kelele zinaongezwa baadaye.

Kiwanja, hata hivyo, si barabara. Watu wengi wenye usonji hujifunza jambo likiwa limefungamana na mahali walipojifunzia. Anayesalimia vizuri ndani ya miwani anaweza kusimama kimya mbele ya Mangi, mwenye duka la mtaani, kwa sababu duka hili lina harufu na nondo dirishani, na muuzaji ana sura nyingine. Kila mpango wa uhalisia pepe unaoishia ndani ya miwani umefanya nusu ya kazi, na ni nusu iliyo rahisi.

Wazo lenyewe si jipya. Mwaka 1996 mtafiti wa Marekani, Dorothy Strickland, alichapisha ripoti ya watoto wawili wenye usonji waliovalishwa kofia za uhalisia pepe na kuonyeshwa mtaa wenye magari. Swali kubwa wakati ule lilikuwa kama wangeikubali kofia kichwani, na waliikubali. Mwaka 2013 timu ya Chuo Kikuu cha Texas mjini Dallas iliripoti kuhusu vijana 8 waliofanya mazoezi ya mazungumzo mara 10 katika wiki 5, na mwaka 2016 kuhusu watoto 30 kwa ratiba kama hiyo. Washiriki walipata alama bora zaidi katika kutambua hisia za wengine. Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, kilitumia chumba kisicho na miwani kwa wavulana 9 waliokuwa na hofu kali ya vitu maalumu, kama kupanda basi au kuingia dukani. Baada ya vipindi 4 vya dakika 20 hadi 30 kila kimoja, pamoja na mbinu za kutuliza mawazo, 8 kati yao waliweza kukabiliana na hali iliyowatisha, na 4 waliondokana na hofu ile kabisa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2014. Marekani pia kuna programu ya kompyuta ya kufanyia mazoezi usaili wa kazi, ambapo mtu anamjibu mwajiri aliyerekodiwa kwa video na kupewa alama, na vijana wenye usonji walioitumia walifanya vizuri zaidi katika usaili wa majaribio.

Idadi hizo ni ndogo: wawili, wanane, tisa, thelathini. Tafiti nyingi zimewachukua wanaoongea na kuelewa maelekezo vizuri, wavulana zaidi kuliko wasichana, katika nchi tajiri. Mtoto asiyeongea, ambaye familia yake ndiyo hasa inayohangaika kutafuta msaada, hayumo katika nyingi kati ya tafiti hizo. Na kupata alama nzuri katika jaribio la kutambua nyuso hakulingani na kupata rafiki. Kwa hiyo kauli ya kweli ni hii: uhalisia pepe unaweza kumsaidia mtu mwenye usonji kuzoea hali fulani mahususi na kupunguza woga wake. Hauondoi usonji, na haukuundwa kuuondoa.

Stadi zipi, na za nani?

Hapa ndipo wazazi na walimu wanapohitaji kusimama kidogo. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba mwenye usonji ndiye pekee asiyeelewa wenzake. Mwaka 2012 Damian Milton, msomi wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, alieleza kwamba kutoelewana huko kuna pande mbili: wasio na usonji nao huwasoma vibaya wenye usonji. Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake wa Edinburgh walipanga watu katika minyororo ya watu wanane wanane, kila mmoja akimsimulia anayefuata habari aliyoisikia. Minyororo ya wenye usonji watupu ilifikisha habari sawasawa na ile ya wasio na usonji. Habari ilipotea zaidi pale ilipochanganya makundi hayo mawili.

Maana yake kwa anayechagua programu ni kubwa. Programu inayompa mtoto alama kila anapomkazia mtu macho, na kumnyang'anya akipepesa mikono, inamfundisha kujificha. Watu wazima wenye usonji wamesimulia mara nyingi jinsi kujificha huko kunavyowachosha na kuwaumiza. Lengo linalofaa ni lile ambalo mwenyewe atanufaika nalo: kununua anachotaka, kusema "hapana", kuomba kelele zipunguzwe, kupanda daladala bila kutetemeka, kumjulisha nesi mahali panapouma. Akiweza kuchagua lengo, achague yeye, hata kwa kuonyesha picha.

Isitoshe, programu nyingi zilizopo zimetengenezwa Marekani na Ulaya, na adabu zake ni za huko. Zinamfundisha mtoto kumtazama mwalimu usoni, kumwita mtu mzima kwa jina lake, kuanzisha mazungumzo kwa kusema "hujambo" huku akipunga mkono. Katika nyumba nyingi za hapa mtoto huanza na shikamoo, kwa bibi wa Kigogo huenda akatakiwa kusema mbukwenyi, hupokea kitu kwa mkono wa kulia au yote miwili, na akikaripiwa huinamisha macho. Mtoto mwenye usonji hushika kanuni kama ilivyofundishwa. Ukimfundisha kanuni ya Boston, ataitumia Chamwino, halafu shangazi atasema hana heshima. Kosa litakuwa la programu, lakini atakayekaripiwa ni mtoto.

Suluhisho ni kutengeneza tukio lako mwenyewe, na hilo liko karibu kuliko wengi wanavyodhani. Kamera ya digrii 360, ya kuazima au ya kukodi, inatosha, na vijana wanaosoma kompyuta Chuo Kikuu cha Dodoma wanaweza kuifanya kazi hii mchana mmoja.

Kurekodi duka la mtaani

Chukua lengo dogo: kununua mkate. Ligawe katika hatua saba: kusogea dirishani, kusubiri zamu, kusalimia, kutaja kitu, kutoa hela, kupokea mkate na chenji, kuondoka. Mweleze mwenye duka unachofanya na upate ridhaa yake na ya wateja watakaoonekana.

Weka kamera juu ya stendi ya miguu mitatu kwenye urefu wa macho ya mtoto. Kwa wa miaka minane, atakayeitazama video kwenye kioo cha kawaida bila miwani, ni kama sentimita 115 kutoka ardhini. Ikiwekwa kwenye urefu wa mtu mzima, mtoto ataona duka asilolijua. Kamera isitembee hata kidogo, kwani video inayosogea huku mwili umekaa ndiyo chanzo kikuu cha kichefuchefu. Watu wakae umbali wa mita moja au zaidi, maana kamera hizi huunganisha picha za lenzi mbili, na aliye karibu mno hukatika uso kwenye mshono. Kuhusu ubora, usidanganywe na neno 4K. Nukta zake 3,840 za upana, yaani vidoa vidogo vinavyounda picha, zinagawanywa kwa duara zima, na jicho huona robo tu kwa wakati mmoja, yaani nukta 960 hivi. Ukipata kamera ya 5.7K, robo hiyo inakuwa na nukta 1,440, na maandishi kwenye pakiti ya mkate yanaanza kusomeka.

Muuzaji aseme maneno yake ya kawaida kisha anyamaze kwa sekunde 10, akiangalia kamera kwa utulivu. Kimya hicho ni sehemu muhimu kuliko zote. Watoto wengi wenye usonji huhitaji muda mrefu kupokea swali na kupanga jibu, na mtu mzima akirudia swali baada ya sekunde tatu, hesabu inaanza upya. Rekodi tukio lilelile mara tatu: asubuhi mapema duka likiwa tupu, saa nne kukiwa na wateja wawili, na jioni kukiwa na redio, bodaboda na watoto wanaogombania foleni. Kila kipande kisizidi dakika mbili. Kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde, dakika moja huchukua kama megabaiti 750, hivyo hamisha kwa waya na uhifadhi kwenye simu au miwani yenyewe, usitegemee bando.

Kisha rekodi mambo yanayokwenda kombo, kwa kuwa hapo ndipo mazoezi mengi yanapovunjika. Mtoto akikariri tukio moja tu, atasema "naomba mkate" hata baada ya kuambiwa mkate umeisha, atasubiri, na mwisho atalia. Kwa hiyo muuzaji aseme siku nyingine: "Mkate umeisha, kuna maandazi." Siku nyingine: "Sina chenji, chukua pipi." Siku nyingine mteja mwingine apenye mbele yake. Kwa kila tukio mtoto awe na jibu moja fupi lililofundishwa kabla, kwa mdomo, kwa kadi ya picha au kwa ishara.

Vipindi vyenyewe

Siku za kwanza miwani isiwashwe. Iache mezani, mtoto aishike, aigeuze, aiweke kichwani mwa mdoli au mwa mama yake. Anayechukia kofia au kuguswa kichwani anaweza kuhitaji wiki mbili za hivyo, na wapo ambao hawataikubali kamwe. Hao waonyeshwe video ileile kwenye kioo cha simu au televisheni, wakiizungusha kwa kidole. Kumlazimisha mtoto kuvaa kifaa kinachomziba macho ni kumtisha, na ukishamtisha umepoteza zaidi ya kipindi kimoja.

Kabla ya kuwasha, kubalianeni ishara ya kusimamisha. Kwa asiyeongea, kadi nyekundu haitamfaa ndani ya miwani kwa kuwa haioni. Ishara bora ni kugonga paja mara mbili au kuinua mkono. Mtu mzima akae karibu na arushe picha ya miwani kwenye simu yake, ili aone anachokiona mtoto. Sauti ianzie chini, theluthi moja ya uwezo wa kifaa. Kipindi cha kwanza kiwe cha dakika 3 hadi 5. Ongeza taratibu mpaka 10 au 15, na ukifika 20 umefika kikomo. Kupiga miayo, kumeza mate mara kwa mara, kutoka jasho, kupauka uso au kunyamaza ghafla ni dalili za kichefuchefu hata kama mtoto hajalalamika. Mvue palepale, usingoje tukio liishe.

Ndani ya siku mbili baada ya kipindi kizuri, nenda naye duka lilelile lililorekodiwa, saa ileile, na noti ya shilingi 1,000 au 2,000 mkononi mwake. Mangi awe ameelezwa asubiri sekunde zake kumi. Andika ni hatua ngapi kati ya saba amezifanya bila kukumbushwa. Usiandike "amefanya vizuri", andika namba. Akifikia tano au zaidi mara tatu mfululizo, nenda duka la pili ambalo hajawahi kuliona kwenye miwani. Namba ya duka la pili ndiyo inayokuambia kama stadi imetoka kwenye miwani na kuingia maishani. Baada ya duka inakuja daladala ya Sabasaba, ambapo kuna konda anayepaza sauti, kubanana na watu asiowajua na kulazimika kusema "shusha" kwa nguvu. Hiyo ni ngumu zaidi, kwa hiyo iwe na hatua na video zake.

Tahadhari zisizopuuzwa

Kifafa huwapata watu wenye usonji zaidi kuliko watu wengine, na mwanga unaowaka na kuzimika harakaharaka unaweza kuamsha degedege kwa baadhi yao. Mtoto aliyewahi kupata degedege, au anayeganda na kukodoa macho mara kwa mara, aonwe na daktari kwanza, iwe Hospitali ya Benjamin Mkapa au hospitali ya rufaa ya mkoa, na mzazi aseme wazi kwamba ni kwa ajili ya miwani. Kuhusu umri, Meta huruhusu kuanzia miaka 10 kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi, na Sony, mtengenezaji mwingine wa miwani hii, kuanzia miaka 12. Lenzi zimepangwa kwa nafasi iliyopo kati ya macho mawili ya watu wakubwa kidogo. Kwa mtoto mdogo picha huwa na ukungu na kichwa humuuma. Chini ya miaka 10 tumia kioo cha kawaida.

Hali ya hewa ya Dodoma nayo ina madai yake. Lenzi za miwani hukusanya jua kama kioo cha kuwashia moto. Ukiiacha dirishani lenzi zikiwa zimeelekea nje, dakika chache zinatosha kuunguza kioo cha ndani, na doa hilo haliondoki. Vumbi la kiangazi huingia kwenye sponji na kukwaruza lenzi: ihifadhi kwenye mfuko uliofungwa, pangusa lenzi kwa kitambaa laini kikavu, na usitumie spiriti. Sponji la usoni lisafishwe baada ya kila mtoto, kwani macho mekundu husambaa darasa zima kwa njia hiyo. Miwani inayojitegemea huhitaji intaneti mara ya kwanza na kila inapojisasisha, hivyo iandae na kuichaji usiku kabla ya kipindi, umeme ukiwepo.

Video na rekodi za mtoto nazo zina sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa picha za watu na taarifa za watoto, na miwani yenyewe hukusanya mwendo wa kichwa na mikono. Shule inayotumia kifaa iwe na ridhaa ya mzazi kwa maandishi. Mtoto anayelia ndani ya miwani asirekodiwe ili arushwe mtandaoni tarehe 2 Aprili, hata kwa nia njema ya kuhamasisha.

Kama fedha ni chache, kifaa kisiwe cha kwanza. Picha saba za duka zilizochapishwa na kupangwa kwa hatua, mchezo wa duka nyumbani, mwalimu wa elimu maalumu anayemjua mtoto, na Mangi aliyekubali kusubiri, hufanya sehemu kubwa ya kazi hii. Miwani ina nafasi yake hasa pale ambapo mahali halisi panatisha kiasi kwamba mtoto hawezi hata kukaribia, au mazoezi ya kweli ni ghali kuyarudia, kama stendi ya Nanenane, chumba cha kutoa damu au chumba cha usaili.

Mkifikisha wiki ya sita namba za dukani zikiwa palepale, angalia mambo matatu. Huenda hatua ni kubwa mno, basi zigawe tena: "kusubiri zamu" peke yake inaweza kuwa hatua tatu. Huenda mtoto anapenda miwani kuliko anavyotaka mkate. Badilisha kitu cha kununua kiwe kile anachokitamani kweli. Au huenda kinachomzuia ni sauti ya friji la soda pale dukani, jambo ambalo video yenye sauti ndogo haikuwahi kulionyesha. Hapo mnunulie viziba masikio, mrudi dukani, na miwani iachwe nyumbani.